Kabla Hujauliza Bei ya Kuziba Jino

Swali tunaloulizwa kuliko yote kwenye simu ni hili: kuziba jino ni bei gani? Kulijibu kwa tarakimu moja kabla ya kuliona jino kungekuwa ni kukudanganya, kwa sababu gharama hufuata kina cha tundu.

Tundu likiwa bado changa, daktari huondoa sehemu iliyooza, huziba, na kwa kawaida kazi huisha siku hiyo hiyo. Likishafika kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu, kuziba peke yake mara nyingi hakutoshi. Linabaki suala la kung'oa au kusafisha mizizi. Jino la mbele la juu huwa na mzizi mmoja, ilhali gego la juu mara nyingi lina mizizi mitatu yenye mifereji mitatu au minne, na kila mfereji ni lazima usafishwe na kujazwa. Ndiyo maana watu wawili waliopata matibabu ya jina lilelile hutoka na bili tofauti. Zaidi ya hayo, gego lililosafishwa mizizi kwa kawaida huhitaji kuvikwa kofia, yaani gamba gumu linalolifunika jino, ili lisipasuke, na kofia ina gharama yake ya maabara.

Jino lililokukesheza wiki nzima kisha likanyamaza ghafla lisikupumbaze. Huenda neva imekufa, na usaha unajikusanya taratibu kwenye ncha ya mzizi. Wapo wanaotupigia siku hiyo kufuta miadi, tena kwa furaha, kumbe matibabu ndiyo yanazidi kuwa ghali. Antibayotiki nazo zinaweza kutuliza uvimbe, lakini haziondoi uozo.

Kwa hiyo omba makadirio ya maandishi yanayotaja kila kitu peke yake: kumwona daktari, eksirei, ganzi, matibabu, dawa na mahudhurio ya marudio. Uliza waziwazi kama kofia imo katika bei ya kusafisha mizizi, maana hapo ndipo wengi hushtuka. Ukiwa na bima, soma kikomo chake cha mwaka, muda wa kusubiri kabla haijaanza kulipia, na kama idhini inatakiwa kabla ya kazi kuanza.

Fedha zisipotosha kwa mkupuo, mwambie daktari mapema, wala si jambo la kuonea haya. Kazi inaweza kupangwa kwa awamu: maumivu na maambukizi hutangulia, hufuata matundu yanayoendelea kula meno, na pengo mara nyingi linaweza kungoja, ingawa likikaa mno meno jirani huanza kuinama kuliziba.

Ukiwekewa kizibo cha muda wakati wa kusafishwa mizizi, andika tarehe ya kurudi na uanze kutenga fedha za hatua inayofuata siku hiyo hiyo. Kizibo hicho ni cha wiki chache tu. Kikivuja, bakteria huingia tena kwenye mifereji, na usafishaji uliokwisha kuulipia huenda ukalazimika kurudiwa.