Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijumba Vyetu vya Krismasi na Umeme wa Volti 230

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia zaidi umeme, kwa sababu ndio uliotuharibia vijumba vingi, hivi vya kauri vya mapambo ya Krismasi vyenye taa ndani, kuliko hata kudondoka.

Vijumba vingi vinavyotufikia vilitengenezwa kwa soko la Marekani. Department 56, kampuni ya Marekani inayouza vijumba hivi, ilianza na mkusanyo wa Snow Village mwaka 1976, kisha Dickens' Village mwaka 1984, na nyaya zake ni za volti 120. Kwetu, kuanzia Mbeya hadi Iringa, ukutani kuna volti 230. Adapta ya kubadili miguu ya plagi haipunguzi volti hata moja. Balbu ya wati 7 ikiwashwa hivyo hupewa nguvu zaidi ya mara tatu ya kiwango chake: uzi unakatika, kioo kinaingia weusi, na waya wenyewe haukuundwa kwa volti hizo. Balbu za madukani hazisaidii, maana holda (vishikio vya balbu) hizo ni za kipimo cha E12 na hapa tunauziwa E27, B22 na E14.

Kamati inashauri hivi. Bana vichuma viwili vya holda, uitoe yote kwenye tundu la nyuma, uihifadhi ndani ya boksi la kijumba, kwani mnunuzi atakiulizia kikiwa kamili. Badala yake ingiza mkufu wa taa za LED za volti 5. Uzungushie kwanza kipande cha chupa ya maji kilichokwaruzwa kwa msasa, la sivyo madirishani vitaonekana vidoa vya mwanga badala ya chumba chenye taa. Chagua mwanga wa kelvini 2,700 hadi 3,000. Ule mweupe wa baridi hufanya kuta za kauri zionekane za buluu. Chaja ya ampea 2 inayowasha taa hizo isibebe zaidi ya ampea 1.6, hivyo jumlisheni ampea za vijumba vyote kabla ya kuunganisha. Pamba ya kuigiza theluji kando ya balbu ya moto tumeipiga marufuku kabisa.

Theluji ya stairofomu ibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao na ipakwe rangi ya maji. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza huiyeyusha ikabaki mashimo. Aliyeona sakitu (umande ulioganda) ya Kitulo mwezi Julai anajua weupe unavyokaa: juu ya paa na mgongoni mwa matawi. Theluji nayo haigandi sana ukutani, basi msipake kuta.

Wanachama wa Tukuyu na Rungwe, unyevu wenu ni adui mwingine. Maboksi yawekwe juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta, na betri zitolewe zote kabla hazijavuja. Kauri isiyo na mng'ao, kama ya Dickens' Village, isafishwe kwa brashi laini kavu. Shika kijumba kwa kitako, kamwe si kwa bomba la moshi.

Wapo wanaotuambia kupanga vijumba hivi ni ugeni mtupu. Wamisionari wa Kanisa la Moravia walifika Rungwe mwaka 1891, na ndugu zao wa Bethlehem, Pennsylvania, hupanga mandhari ya Noeli iitwayo putz, yenye hori na vijumba. Ukoo huo uko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Kwa maonyesho yajayo, kila kijumba kiletwe Jumapili ya kwanza ya Majilio, kikiwa ndani ya boksi lake, na ampea zake ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa wayani. Kisicho na karatasi hakitawashwa.

Mwenyekiti