Msilipe Kuunganisha Mifumo Kabla Hamjaamua Taarifa Ipi Ni ya Nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi ukiingia ofisi yoyote hapa Kampala yenye timu ya madevelopa, iwe benki, iwe shirika la misaada, iwe ofisi ya serikali, utasikia wimbo mmoja tu, tunaunganisha mifumo. Maana yake juu kule bosi ana mfumo wake mkubwa wa kusimamia miradi, wenye bajeti na tarehe na zile chati ndefu za rangi, na chini huku vijana wana vyombo vyao vya kufuatilia kazi na kutunza msimbo wa programu, Jira, GitLab, GitHub na vinginevyo, na hivi viwili havisalimiani. Kwa hiyo kijana akimaliza kazi anasogeza kadi kwenye bodi, halafu anafungua Excel anaandika yale yale, halafu Ijumaa jioni wenzake wa idara zingine wanatoka yeye ndo anaingia kwenye mfumo wa ofisi kujaza masaa, kazi moja imeandikwa mara tatu na ukizilinganisha hazifanani hata mbili.

Mimi kazi yangu ni hii hii ya kuandika programu, na siko kwenye kundi la wanaosema mifumo isiunganishwe, iunganishwe tena haraka. Shida yangu ni kwamba ofisi zetu zinamlipa muuzaji wa kuunganisha kabla hazijakaa chini zikaamua kila taarifa mwenyewe nani. Tarehe ya mwisho, mwenye kauli ni mfumo upi? Hali ya tiketi, yaani kazi moja moja iliyoandikwa kwenye Jira, je? Jina la anayeifanya? Maswali hayo kwenye tenda hayamo, kwenye tenda mnaandika mstari mmoja tu, "mfumo uunganishwe na Jira", halafu baadaye mnashangaa.

Hivi vyombo havikulelewa nyumba moja, na ukilielewa hilo mengi yanakaa sawa. Ile chati ya mistari ilienezwa na Mmarekani Henry Gantt miaka ya 1910 kwa ajili ya kazi za viwandani. Hesabu ya kujua kazi gani ikichelewa inauchelewesha mradi mzima ilitengenezwa kampuni ya DuPont mwishoni mwa miaka ya 1950. Microsoft Project ipo tangu 1984, na Primavera, ambayo makandarasi wakubwa wanaipenda, Oracle waliinunua 2008. Wote hawa kichwani wana kazi ya kuonekana kwa macho, viwanda na ujenzi, zege na nondo. Chukua bwawa la Karuma, megawati 600, kazi ilianza 2013 likaja kuzinduliwa rasmi 2024, lilichelewa na maneno yakawa mengi, lakini hata lilipochelewa mtu aliweza kwenda kusimama pale akaona ukuta umefika wapi. Upande wa pili, Jira ya Atlassian ilitoka 2002 ikiwa chombo cha kufuatilia bagi, yaani makosa ya programu, na Git, ambayo GitHub na GitLab zimejengwa juu yake, ilianza 2005 Linus Torvalds alipohitaji kitu cha kutunzia kazi ya Linux. Huku hakuna ukuta wa kutazama. Kuna tiketi ambayo bado haijaguswa, au inaendelea, au inakaguliwa, au inajaribiwa, au imefungwa, basi.

Sasa mfumo wa bosi unadai asilimia. Jira haina asilimia ya kweli ya kukupa, ina hali tu, kwa hiyo muuzaji anaibuni, anaweka kanuni kwamba tiketi ikiwa "inaendelea" huko juu iandikwe hamsini. Kuna kampuni moja hapa mjini, jina naliacha, walifanya hivyo hivyo na dashibodi, ule ukurasa wa muhtasari anaoutazama bosi, ikawa inaonyesha mradi uko nusu, wiki inaingia wiki inatoka nusu, wakubwa wakaanza kuita vikao. Na kabla ya hapo wakati watu walikuwa wanajaza kwa mkono haikuwa afadhali, meneja alikuwa anapita mezani anauliza mmefika wapi, anajibiwa "tisini nyabo", wiki inayofuata anapita tena, "tisini nyabo". Wote tunaijua hiyo tisini.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni kilichotokea kazi ilipofika kwenye majaribio. Majaribio yakianza bagi zinaonekana, si ndo kazi yake, na kila bagi ni tiketi mpya, na tiketi mpya zikiongezeka ile asilimia inashuka. Bosi asubuhi anafungua dashibodi anakuta jana ilikuwa themanini leo ni sitini na kitu, anapiga simu, nani kaharibu kazi? Hakuna aliyeharibu, ssebo, watu wamegundua makosa mapema kabla mteja hajayagundua, wapewe soda. Haikueleweka. Vijana wakajifunza haraka, wakaacha kufungua tiketi, wakawa wanatumiana bagi kwenye grupu la WhatsApp, na ile dashibodi ikapanda vizuri kabisa huku programu yenyewe inazidi kuoza. Yaani waliunganisha mifumo ili waone zaidi, wakaishia kuona kidogo kuliko zamani.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, asilimia iacheni. Kinachofaa kupanda juu ni vitu vichache, hatua kubwa ya mradi imefika au haijafika, tarehe inayotarajiwa sasa hivi, tiketi ngapi wazi na ngapi zimefungwa zikiwa namba mbili tofauti, na linki ya kubonyeza kama bosi anataka kuchungulia mwenyewe. Hivyo tu. Na kila kimoja kiwe na mwenyewe. Bajeti na tarehe ya mkataba ni mali ya mfumo wa miradi, Jira isiziguse. Hali ya tiketi na jina la anayeifanya ni mali ya Jira au GitLab, mfumo wa bosi usome tu, usiandike.

Hapa wauzaji hawapendi, maana wao wanauza ule muunganisho wa pande mbili, unabadilisha huku inabadilika kule na kule ikibadilika inarudi huku. Kwenye maonyesho unapendeza sana. Kazini, mfumo A ukibadilika unamwambia B, B anabadilika, na kwa sababu amebadilika anamwambia A, A naye anaona mabadiliko mapya anamwambia B, wanaambizana hivyo usiku kucha, asubuhi unakuta tiketi moja ina historia ndefu kama orodha ya wapiga kura na baruapepe za taarifa zimejaza sanduku la kila mtu. Dawa ipo, unaupa muunganisho akaunti yake na unauelekeza upuuze mabadiliko yaliyofanywa na akaunti hiyo hiyo, lakini dawa kubwa zaidi ni kutokuwa na pande mbili kwenye kitu kisichohitaji pande mbili.

Na kuna njia rahisi kabisa ambayo karibu haigharimu sente, ofisi nyingi haziitumii, ni namba ya tiketi. Mradi ukiitwa MAL na tiketi ni 214, developa aandike MAL-214 kwenye jina la tawi lake, yaani nakala ya msimbo anayoifanyia kazi, na kwenye ujumbe wa komiti, yaani maelezo mafupi anayoandika akihifadhi mabadiliko, na ukishaunganisha GitHub au GitLab na Jira, kazi ile inajitokeza yenyewe ndani ya tiketi, nani kaandika, lini, imekaguliwa au bado. Kwenye Jira unaweza hata kuandika masaa humo humo kwenye ujumbe wa komiti yakaenda kujiandika kwenye tiketi, ilimradi baruapepe anayotumia kwenye Git iwe ndiyo ile ya Jira, hapo ndipo wengi wanakwama na kudhani imeharibika. Redmine, chombo kingine cha kufuatilia kazi, nayo inasoma namba, ukiandika neno la kufunga inafunga. OpenProject vile vile ina namna yake ya kuunganika na GitHub, na hizi mbili msimbo wake uko wazi, unaziweka kwenye seva yako bila kulipia leseni. Sasa ukiwa na ile MAL-214 kwenye kila komiti na kwenye mfumo wa miradi pia kuna safu moja imewekewa namba hiyo hiyo, nusu ya kazi ya kuunganisha imekwisha kabla muuzaji hajafika getini.

Niongee kidogo kuhusu umeme, maana hii vipeperushi vya kutoka nje haviwezi kukuambia. Mifumo hii inapashana habari kwa kitu kinaitwa webhuku, yaani GitHub ikipata tukio inabisha hodi kwenye seva yako na kukuachia ujumbe. Ila GitHub ikibisha na usijibu ndani ya sekunde 10 inahesabu imeshindikana, na haitarudi kubisha tena yenyewe, mpaka wewe uombe. Seva yenyewe iko kwenye kachumba nyuma ya mapokezi, Jumamosi umeme umekatika, jenereta haina mafuta kwa sababu mwenye ufunguo wa stoo kaenda kijijini kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, na vijana wako nyumbani wanafanya kazi kwa bando za simu wanafunga tiketi. Jumatatu seva inawashwa, inadhani hakuna kilichotokea. Hapo ndipo mifumo miwili inaanza kupishana kimya kimya na hakuna anayejua mpaka mwisho wa mwezi. Dawa yake ni kazi ndogo ya usiku inayokwenda yenyewe kwa API, ule mlango wa programu kuulizana na programu, kuuliza, nipe kila kilichobadilika tangu mara ya mwisho, inalinganisha, inasahihisha. Mwulizeni muuzaji kama anayo. Akianza kuwaelezea kuhusu dashibodi, hana.

Na saa je. Seva nyingi zinatunza saa za UTC, ile saa ya dunia ya kulinganishia, sisi tuko mbele masaa matatu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Kijana akifunga tiketi saa saba na nusu usiku, kalenda ya ukutani tayari ni Julai 1, lakini kwa UTC bado ni Juni 30 saa nne na nusu usiku, na ripoti ikitengenezwa bila kugeuza saa kazi hiyo inaangukia mwaka wa fedha uliokwisha. Kwa mkandarasi anayelipwa kwa kazi aliyokabidhi, hayo masaa matatu ni ugomvi na mhasibu.

Kuhusu masaa ya kazi kwa jumla sina mengi, ila msiyachukue kwenye tiketi mkampimia mtu mshahara, siku mtakayofanya hivyo masaa yote yataanza kuwa manane kamili, kila siku, kila mtu.

Lingine ni siri za watu. Tiketi ya bagi mara nyingi inabandikwa picha ya skrini, na kwenye picha kuna jina la mteja, namba ya simu, wakati mwingine NIN, namba yake ya kitambulisho cha taifa, kabisa. Ilipokuwa kwenye Jira ya timu ya watu wachache ilikuwa kosa dogo, sasa umeunganisha na mfumo wa ofisi nzima, picha imenakiliwa imepanda juu, anaiona mshauri wa nje, anaiona mfadhili, na labda imekaa kwenye seva iliyo nchi nyingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na inagusa hata data inayotoka nje ya Uganda. Viambatisho visipande. Mara nyingi hiyo ni alama moja tu ya kuzima kwenye mipangilio, lakini ni lazima mtu aifikirie kabla.

Halafu ile tokeni, yaani ufunguo ambao mfumo mmoja unautumia kuingia mwingine. Mara nyingi mwenye haraka anatumia akaunti yake mwenyewe, siku akiacha kazi watu wa IT wanafunga akaunti yake kama inavyotakiwa, na muunganisho unakufa hapo hapo, bambi, hakuna anayejua kwa nini. Uwe na akaunti yake ya kazi, isiyo ya mtu, yenye ruhusa za kusoma tu pale inaposoma tu.

Ombi langu kwa wanaoandika tenda, wekeni karatasi moja mwanzoni kabisa, upande mmoja majina ya taarifa, upande wa pili mfumo unaoimiliki, na nani anaruhusiwa kuibadilisha. Meneja wa mradi na kiongozi wa madevelopa waijaze pamoja, wabishane humo, wagombane ikibidi, ni bei rahisi kugombana kwenye karatasi. Na siku ya kupokea kazi msikubali kuonyeshwa slaidi. Zimeni seva ya ofisi mchana mmoja, waacheni vijana wafunge tiketi kama kawaida, wafungue mpya, wahamishe zingine, jioni iwasheni. Kesho yake asubuhi hesabuni tiketi za pande zote mbili. Zikipishana hata moja mwiteni muuzaji arudi, na malipo ya mwisho yabaki kwenye akaunti yenu.

Wenu,
Developa, Ntinda, Kampala