Barua kutoka Washington

Kwako swahiba,

Salamu tele. Mimi mzima, ila usingizi naupata kwa kudokoa. Wiki nne za chuoni, za kozi yetu ya siasa za nje za Marekani, zimekwisha, na kwa hii ya tano, ya mwisho, tumeletwa Washington. Ya mabweni na mapicha nitakuhadithia tukionana. Kwanza sikiliza la juzi.

Tuliigiza Oktoba 1962, Wasovieti walipobambwa wameweka makombora Kuba. Kila mmoja alivikwa kadi ya cheo shingoni. Mimi nikaangukiwa na ujenerali, mimi nisiyeweza kufukuza hata kuku! Basi nikapiga meza: tushambulie kwa ndege kabla makombora hayajawa tayari. Nusu ya chumba ikaniunga mkono. Ndipo mwenzetu mmoja mpole, ambaye tangu tufike sijamsikia akipaza sauti, akauliza, "Jenerali, wakijibu kwa kuivamia Berlin Magharibi tunayoilinda, tutafanyaje?" Nikafungua mdomo, kisitoke kitu. Nikaigeuza na ile kadi, nyuma nyeupe.

Baadaye mkufunzi akatueleza Kennedy, rais wa Marekani wakati huo, alivyochomoka. Alituma manowari zizuie meli zinazopeleka silaha Kuba, lakini neno "mzingiro" likakwepwa, maana kisheria mzingiro ni tendo la vita. Wakaita karantini. Nilicheka, swahiba, neno la wagonjwa! Ila lilimwachia Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, mlango wa kurudi nyuma. Tena kulikuwa na la pembeni: Marekani iliahidi kwa siri kuondoa makombora yake Uturuki, na umma ukafichwa kwa miaka mingi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilikuja nikidhani mkubwa huamrisha tu, kumbe naye hununua, na bei haitaji mbele za watu.

Nina nung'uniko moja. Wakufunzi wetu wanapenda visa vilivyoisha salama. Kuba tulipewa siku mbili, vita vya Vietnam asubuhi moja, na hata maswali hayakwisha.

Kesho tunaigiza Seneti ya Marekani, Machi 1920, ikipigia kura Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilihitajika theluthi mbili ya kura ili uidhinishwe. Kura zikawa 49 kwa 35, pungufu ya saba. Nimepangiwa upande wa Rais Wilson, mtu ambaye hakukubali kulegeza kamba hata kwa wabunge wa chama chake, mkaidi kutushinda mimi na wewe. Mpaka adhuhuri niwe nimezipata hizo saba. Niombee.

Wako akupendaye,
Jenerali mstaafu