Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: tubane LED mbovu kabla ya globu ya waya

Mheshimiwa Waziri,

Kama ni kupiga marufuku globu ya waya, ile ya zamani inayowaka kwa waya uliopata moto, sisi mafundi umeme wa Mbeya na Rungwe hatuna ugomvi na hesabu. Globu ya waya ya wati 60 ikiwaka kwa saa 5 kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 yenye mwanga uleule, kama lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga), inakula uniti 1.35. Nyumba yenye globu 4 za waya inamaliza uniti 36 kwa taa tu, na mteja wa D1, yaani wa matumizi madogo, hatakiwi kuzidi 75 kwa mwezi.

Kuipiga marufuku globu ya waya ni kazi nyepesi. Marekani walipitisha sheria mwaka 2007, wakalegeza 2019, wakarudi 2022 na kipimo cha angalau lumeni 45 kwa wati, kilichoanza kusimamiwa kikamilifu Agosti 2023. Globu ya waya hutoa lumeni 13 hivi kwa wati, kwa hiyo inaanguka. LED hafifu kabisa inavuka 45 bila jasho. Tukikichukua kipimo hicho peke yake, takataka zote zilizoko madukani zitafaulu mtihani.

Ipasue LED ya bei ya chini uone. Draiva, kile kifaa cha kutuliza umeme unaoingia kwenye LED, hamna. Kuna kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ya kushusha umeme, dayodi nne za kuunyoosha, kapasita nyingine ndogo ya kulainisha, na LED zilizopangwa mfululizo. Moja ikikatika, taa nzima imekufa. Mwisho wa laini, kule nguzo zinakoishia, jioni umeme unaweza kushuka hadi volti 180. Taa hiyo inafifia, na umeme ukirudi kwa kishindo mshtuko unaifikia LED moja kwa moja. Yenye draiva ya kweli, iliyoandikwa volti 100 hadi 265, mwanga wake hautikisiki. Globu ya waya yenyewe kwenye volti 180 inabaki na chini ya nusu ya mwanga wake, kwa hiyo mwanakijiji ndiye angefaidika zaidi na LED nzuri, na ndiye anayeuziwa mbovu.

Halafu joto. Kitako cha plastiki tupu, bila alumini, kinaipika kapasita ya kulainisha, na kila nyuzijoto 10 zikiongezeka uhai wake unapungua takriban nusu. Boksi limeandikwa saa 25,000; kwa saa 5 kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka 13. Nyingine hazifikishi mahindi kukomaa.

Wati nazo zinadanganywa, na hilo halihitaji maabara kulijua. Zima kila kitu nyumbani, washa taa 5 zilizoandikwa wati 12. Kama mita ya LUKU imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1000 kwa kila uniti, kitaa chake chekundu kinatakiwa kupepesa mara moja kila dakika. Kikichukua karibu dakika mbili, umeuziwa wati 6 au 7 kwa bei ya 12.

Kwa hiyo kiwango cha ubora wa taa kitaje lumeni halisi, si wati pekee. Kitaje volti za chini ambazo taa lazima iwake bila kufifia, nasi tunapendekeza 160. Kidai kinga ya mshtuko ndani ya taa, maana huku radi si mgeni. Na sampuli za kupima zinunuliwe rafuni, soko la Mwanjelwa na Tunduma, zisiwe zile alizochagua mwagizaji mwenyewe. Enejisava hatuzigusi: zina zebaki, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeshazifungia njia.

Limebaki la vifaranga, ambalo ukiwa Dodoma unaweza kuliona dogo. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Juni ya Njombe au Makete, globu ya waya ndiyo jiko lake, kwa sababu zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za umeme wake ni joto. LED haina joto hilo. Marufuku isiyobagua itamrudisha mfugaji kwenye mkaa ndani ya banda lililofungwa, na hewa ya mkaa inaua vifaranga hata mahali ambapo baridi haijawafikia. Ziachwe taa za joto za infraredi, wati 100 hadi 250, zikiwa na alama ya ufugaji, na zipatikane maduka ya pembejeo kabla marufuku haijaanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi umeme, Mbeya na Rungwe