Kwa akina mama wa kikoba chetu Kirumba, Mwanza: kijana aliye nyumbani naye apewe mzigo wake

Wadogo zangu, na ninyi wanangu mlioingia kikobani juzijuzi, habari za nyumbani.

Nawaandikia waziwazi kwa sababu jambo hili tumezoea kulisemea pembeni, kikao kikishaisha, kila mtu akitafuta ndala zake mlangoni. Mmoja kijana wake kamaliza chuo Malimbe, mwaka wa pili huu yuko chumbani. Mwingine binti yake tangu amalize kidato cha nne hajasogea. Wa tatu mwanawe alipanga chumba Buhongwa, kodi ikamshinda, akarudi na godoro kichwani. Tunapeana pole, tunaagana, na kesho yake mambo ni yaleyale.

Kwanza nataka muache kuona aibu. Zamani aliyemaliza chuo cha ualimu alipangiwa kituo na serikali, akafunga sanduku akaenda. Leo anaomba kwenye mfumo wa ajira wa mtandaoni, anagombea nafasi moja na umati wa wenzake, akiitwa kwenye usaili anajitafutia nauli mwenyewe, anarudi, anasubiri jibu. Mtoto wa namna hiyo hawi mvivu kwa sababu tu jua limemkuta nyumbani. Baba anayemwambia mbele ya wageni kwamba ada yake imeenda bure anamvunja moyo, na hajamsogeza hata hatua moja.

Lakini kumhurumia kijana si kumlea kama mgeni. Hata mgeni mwenyewe tunasema siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu wa kumzaa yuko mwaka wa tatu, anaamka saa nne, chai iko kwenye chupa na chapati zimefunikwa.

Mimi nimekulia huku Usukumani, kwenye kaya ya wakulima wa pamba. Kaka zangu walipewa kila mmoja kipande chake cha shamba wakiwa bado wanakula chungu cha mama. Hakuna aliyefukuzwa. Walilala kwao, waliamka kwao, ila shamba likiingia majani kila mtu alijua ni la nani, na hela ya msimu ilijulikana imetoka mkono gani. Siku ya kuoa na kujenga kwake ilipofika, kutoka lilikuwa jambo dogo, maana kujitegemea alishakuanza akiwa ndani kwa wazazi wake. Sisi wa mjini tunangoja apate ajira ndipo ahame, na ahame ndipo tuanze kumhesabu kuwa mtu mzima. Ajira isipokuja, miaka inakwenda na mtu yuko palepale.

Kwa hiyo ninachowaomba ni hiki: mpeni mzigo wake sasa, akiwa humohumo ndani. Na mzigo ninaousema si kutumwa dukani. Ni kitu ambacho asipokifanya yeye, hakifanyiki. Mwiteni mkae naye, baba na mama pamoja, kwa sauti ya kawaida, mmwambie kuanzia mwezi ujao luku ni yako. Atapata wapi hela? Hilo ndilo la kumwachia. Atafundisha watoto wa jirani tuisheni, atabeba mizigo, ataomba deiwaka, kibarua cha siku, kwa fundi. Umeme ukikatika usiku katikati ya taarifa ya habari, msikimbilie simu kununua. Kaeni gizani mpaka autafute. Hapo ndipo wengi wenu mnaposhindwa, na nawaelewa, maana ni vigumu kumwona mtoto akihangaika wakati hela unayo kwenye pochi.

Na hili la pochi lazima niliseme. Nyumba nyingi baba anasema hapana asubuhi, mama anatuma kwa simu mchana, na kijana anajifunza kwamba neno la baba linazungukwa. Baba naye akigundua anafoka, na ugomvi unakuwa wa wazazi, mhusika yuko chumbani na bando lake. Mimi nashika daftari la kikoba, naona. Mkopo unaandikwa mtaji wa dagaa, kumbe hela imeishia kwenye simu mpya au kwenye kubeti, na marejesho unayatoa wewe, kwa kushinda juani kwenye soko la dagaa la Mwaloni na magoti yanauma. Kama mmeamua kumpa mtoto hela, mpeni wote wawili, mchana kweupe, akijua ni ya nini na mwisho wake lini.

Pale Mwaloni kuna kijana mmoja, ana digrii ya biashara, mama yake alimleta mwaka jana akiwa hataki hata kushuka kwenye daladala. Walimkabidhi daftari la wateja na kazi ya kupokea magunia. Wiki za mwanzo alikuwa anaangalia juu ya gunia tu, anaandika. Wakamfundisha kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, atoe dagaa wa chini kabisa, awasugue kiganjani. Mchanga ukibaki mkononi, ujue walianikwa chini ufukweni. Waliokauka kwenye vichanja wanaacha kiganja safi, na bei yao ni nyingine. Leo wafanyabiashara wanaokuja kutoka Kongo wanamwita yeye. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikapumzika, anajua hela ya giza lililopita itamfikisha wapi. Maombi ya ajira bado anatuma, na anafanya vizuri. Chakula anachokula kwao sasa amechangia.

Mabinti msiwasahau. Binti wa miaka 24 anapika, anafua, analea watoto wa dada yake, halafu mnasema hana kazi. Kaka yake amelala, naye mnasema anatafuta kazi. Huyo binti mzigo anao tayari, tena mkubwa. Anachokosa ni muda na mtaji wake mwenyewe. Kaka mtu aamke apike, binti aende akajifunze. Wala msimwambie angoje kuolewa.

Pia kuna ambaye haamki kwa sababu anaumwa. Kijana asiyeoga, asiyekula, aliyeacha hata marafiki aliowapenda, au anayesema heri asingezaliwa, huyo msimpe luku. Mpelekeni hospitali, waelezeni madaktari wazi. Bugando wanatibu magonjwa ya akili kama wanavyotibu malaria. Na pombe ikishamshika mtu, hiyo pia ni ya kutibiwa.

Kwa wenye nguvu, milango ipo. VETA pale Nyakato wanafundisha ufundi, na kozi fupi zipo. Chuo cha uvuvi kipo Nyegezi, na ufugaji wa samaki kwa vizimba ziwani unataka vijana wanaojua wanachofanya. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Vijana waunde kikundi, wakisajili, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Waende wenyewe. Nimeona mama anamjazia fomu mtu mwenye ndevu, na hilo halifai.

Kikao kijacho nitaleta pendekezo, mlifikirie kabla hamjanikatalia. Mwanachama anayetaka mkopo kwa ajili ya kijana wake aje naye. Kijana asimame mbele yetu, aseme anataka kufanya nini, ataanza na shilingi ngapi, atarejesha vipi, na tumuulize maswali kama tunavyoulizana sisi. Akikubaliwa, asaini yeye, mama awe mdhamini. Marejesho aje kuyaleta mwenyewe, mkononi, kila Jumamosi, mimi nitampokea na kumwandikia.

Ni mimi dada yenu mkubwa, mshika daftari,
Mwaloni, Kirumba