Kura nyingi sio wajumbe wengi

Mhariri salaam,

Kwenye makala yenu ya kura za maoni za Marekani mmeweka jedwali la asilimia za kura tu, halafu mkasema kule wananchi ndio wanaochagua mgombea urais, sio wajumbe kama kwetu. Jamani, wajumbe wapo, yaani watu wanaompigia mgombea kura kwenye mikutano ya chama, tena ndio wenye neno la mwisho.

Mimi naishi Iowa. Tarehe 3 Februari 2020 nilienda kokasi (mkutano wa mtaa wa kuchagua mgombea) ya chama cha Democratic, ukumbi wa shule, saa moja jioni, baridi inakata masikio. Hakuna sanduku la kura, unaenda kusimama kona ya mgombea wako majirani wote wanakuona, mnahesabiwa kama wanafunzi paredi. Tulikuwa watu 84, ili kona ihesabike lazima ifike asilimia 15, yaani watu 13, sisi tuko 11. Basi wakaanza kutugombea, mama mmoja kaja na sahani ya biskuti njooni kwetu njooni kwetu, mimi nikahama (biskuti zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya), mwenzangu kavaa koti lake kaenda zake nyumbani, kwenye hesabu ya mwisho hayumo.

App ya kutuma matokeo nayo ikagoma, tukasubiri siku kadhaa. Kuja kutoka, mgombea Sanders ana kura nyingi za watu ila mwenzake Buttigieg ana wajumbe 14 na Sanders 12, na kila mmoja anasema kashinda yeye! Maana kila kituo kilipangiwa wajumbe wake mapema, mkijaa mpaka nje hamkuongezewa hata mmoja.

Chama cha Republican ndo usiseme, South Carolina 2016 Trump alipata kama theluthi moja tu ya kura akabeba wajumbe wote 50. Na 2024 Biden ndiye aliyeshinda kura za maoni, Julai akajitoa, Agosti wajumbe wakapiga kura mtandaoni wakampitisha makamu wake Harris ambaye mwaka ule hakugombea hata jimbo moja. Sisi tunaosema wajumbe sio watu wazuri, hapo tungesemaje?

Kwa hiyo naomba mwongeze safu ya wajumbe kwenye hilo jedwali, na zile picha za watu wamesimama kwenye kona mzitoe, ni za zamani. Democratic wa Iowa 2024 tulipiga kwa posta, kadi yangu niliijazia mezani jikoni na hakuna aliyekuja na biskuti.

Msomaji wenu,
Des Moines, Iowa