Barua kwa Rafiki Yangu wa Itigi Kuhusu Bamba la Kauri

Dodoma, mwezi wa Julai

Ndugu yangu mpendwa,

Mbukwa. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila upepo wa kipupwe unavuma usiku na mchana na vumbi limeingia hadi kwenye sahani za chakula.

Tangu uliponieleza kwa simu kwamba bamba la fulana yako ya kuzuia risasi lilidondoka kutoka nyuma ya gari likapiga jiwe, na kwamba ulilipangusa ukalirudisha mahali pake kwa sababu halikuwa na hata mkwaruzo, moyo wangu haujatulia. Kabla ya yote nakuomba usilivae tena mpaka lipigwe eksirei.

Risasi ya bunduki ya kivita huja kwa mwendo wa mita 850 hivi kwa sekunde. Inapogusa kauri, ncha yake husagika kwa sababu kauri ni ngumu kuliko risasi, na kauri yenyewe huvunjika papo hapo kwa umbo la koni, ikitawanya kishindo juu ya eneo pana la nyuzi za polithini au za aramidi, yaani nyuzi za plastiki zilizo ngumu sana kukatika, zilizobandikwa nyuma yake, ambazo ndizo hudaka vipande. Bamba hukuokoa kwa kuvunjika kwake, kwa hiyo lililokwisha kupasuka siku ya jiwe halina tena nguvu ile ile ya kukupa siku ya risasi. Kibaya zaidi, kauri huvumilia mno kugandamizwa lakini ni dhaifu inapovutwa, ndiyo maana ufa mara nyingi huanzia upande wa nyuma, chini ya kitambaa na gundi, mahali ambapo jicho halifiki.

Juzi nilikwenda Soko la Majengo kununua chungu. Mama aliyeniuzia alikishika mdomoni kwa vidole viwili, akakigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kikalia kama kengele. Akagonga cha pili, kikatoa sauti fupi iliyokufa, akakiweka kando bila kukitazama. Niliporudi nyumbani nilichukua vigae vyangu viwili vya alumina, aina mojawapo ya kauri ya mabamba haya, kimoja nikakiangusha sakafuni kutoka kimo cha meza, kisha nikavigonga vyote kwa kijiko. Kilichoanguka kilikuwa kimepoteza mlio, ingawa kilikuwa kizima machoni. Nilikipaka wino wa kalamu na kukifuta, na ndipo mstari mwembamba kama unywele ukajitokeza, umekatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Bamba lako limevishwa kitambaa na mpira, hivyo kulipima kwa kuligonga hakutoshi, na ndiyo sababu nasisitiza eksirei.

Jambo hilo ndilo limenirudisha kwenye michoro yangu ya bamba ninalotaka kulitengeneza mwenyewe. Bamba la kipande kimoja likipata ufa, hutupwa lote. Mimi nataka bamba la vigae vidogo vya pembe sita, kila kimoja kimezungushiwa nyuzi na mpira mwembamba ukingoni, ili ufa ukianza katika kigae kimoja uishie humo na jirani zake wabaki wazima. Nimechagua pembe sita kwa kuwa vigae vya mraba hukutana vinne kwenye kona moja na maungio yake hunyooka kama barabara, ilhali vya pembe sita hukutana vitatu tu.

Ugumu upo kwenye maungio hayo hayo. Risasi inayotua katikati ya kigae hukuta kauri pande zote, bali inayotua pale vinapokutana vitatu hukuta sehemu dhaifu kuliko zote. Wako waliojaribu kulikwepa hilo kwa visahani vya kauri vinavyolaliana kama magamba ya kakakuona, na fulana iliyoitwa Dragon Skin ilisifiwa sana kwa wepesi wake wa kujikunja. Jeshi la Marekani lilipoipima mwaka 2006, lilisema gundi ililegea katika joto kali na visahani vikahama mahali pake. Mtengenezaji alibisha, lakini mimi nimelichukua onyo hilo kwa uzito, maana nalijua joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana mwezi wa Oktoba huko kwenu.

Mwanzoni nilitaka kigae kilichoharibika kiweze kuchomolewa na kuwekwa kingine hapo hapo porini. Wazo hilo nimeliacha. Kigae kisichoshikana barabara na kilichomo nyuma yake, hata kwa upenyo mdogo wa hewa, hupinda na kupasuka upesi, na kigae kinachochomoka kwa mkono hakiwezi kushikana hivyo. Sasa nafikiria fungu la vigae saba, kimoja katikati na sita kukizunguka, vimebandikwa karakana juu ya kipande chao kigumu, na fungu zima ndilo hubadilishwa, huku nyuma yake kukiwa na tabaka moja la nyuzi lisilo na kiungo. Maungio kati ya fungu na fungu bado yananisumbua, na kuyafunika kwa ukanda wa kauri kunaongeza uzito.

Uzito nao nimeupigia hesabu. Kauri ya sentimita 25 kwa 30, yenye unene wa milimita 8, ina uzito wa kilo 2.3 hivi ikiwa ya alumina, kilo 1.9 ikiwa ya silikoni kabaidi, na kilo 1.5 ikiwa ya boroni kabaidi, kabla ya kuongeza nyuzi. Boroni kabaidi ni ghali mno, kwa hiyo naanza na alumina.

Usidhani nitakuletea uivae. Kipimo cha NIJ, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya fulana za kuzuia risasi, hubandika bamba juu ya udongo laini, na hata risasi isipopenya, bonyeo la nyuma lisizidi milimita 44. Hakuna mtu atakayevaa kazi yangu kabla haijapita kipimo kama hicho katika uwanja wenye kibali.

Nakuomba mambo mawili. Weka kipimajoto ndani ya gari saa saba mchana, pale unapolaza fulana, uniandikie kinasoma nyuzi ngapi. Kisha nieleze bamba hugongwa wapi zaidi unaporuka kutoka garini, kona ya juu au ukingo wa chini, kwani hapo ndipo nitakapoongeza mpira. Na ukipata picha ya eksirei, niletee nakala.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi ndugu yako,
wa Dodoma